Nilivyotumwa Kilwa Kukagua Ngano ya Nchi za Theluji

Niliondoka Lindi kwa sababu ya tambi. Mkubwa wangu wa kilimo alikuwa amepewa na wageni wa ng'ambo gunia la mbegu ya ngano ngumu, ile ya kutengenezea tambi, akatangaza mkutanoni kwamba kabla ya Ramadhani kijiji kimoja cha ujamaa huko Kilwa kitajitosheleza kwa tambi. Mimi, bibi shamba mpya, nilisoma maandishi ya guniani: ipandwe theluji ikianza kuyeyuka. Nilipomwonyesha, aliniambia nisiwakatishe wananchi tamaa. Gunia likaenda. Sasa wageni walitaka kuiona ngano yao, nami nikatumwa nitangulie.

Alfajiri nilitoka Rasbura, mtaa wa hapo hapo Lindi, kwa lori la mabati. Kwenye mto Mbwemkuru tulizama matopeni, tukashuka kusukuma. Nilifika Nangurukuru nikifanana na muhogo uliong'olewa sasa hivi, nikanywa chai, nikashika njia ya miguu.

Kijijini, mwenyekiti, Mzee Mbonde, aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama usoni. Akanipeleka shambani. Ngano ilikuwa imeota, ikanyauka yote kwa joto. Mbuzi ndio waliovuna. Nikamwuliza mbegu iliyobaki iko wapi, maana shamba lile halikumaliza hata nusu gunia.

"Njoo ule kwanza, mwanangu," alisema.

Nyumbani, mkewe, Bi Somoe, alinipakulia bokoboko: ngano iliyopikwa na nyama ya mbuzi, ikapondwa mpaka ikavutika, na samli juu. Jana yake walikuwa wamemwoza binti yao. Nilikuwa katikati ya sahani nilipotambua ninakula nini. Nikaogopa, kwani mzee angeweza kuvuliwa uenyekiti, na mimi kazi. Nikamaliza sahani.

Mzee aliniomba niseme mbegu imeliwa na ndege. Nikakataa, nikamwambia mkubwa wangu atataka kuoneshwa hao ndege.

Niliporudi Lindi nilimweleza mkubwa ukweli wote nikiwa nimesimama: shamba limekufa, mbegu iliyobaki imepikwa harusini. Alitazama dirishani.

"Samli walitia?"

"Walitia."

"Na hawakunikumbuka hata kwa bakuli moja."

Wageni walipelekwa kutazama mikorosho, wakaisifu sana. Mzee Mbonde alibaki na uenyekiti wake, nami na kazi yangu. Katika safari ile nilijifunza kwamba mkubwa husamehe shamba lililokufa upesi kuliko harusi ambayo hakualikwa.