Miguu Iliyokataa Kukimbia

Siku ile ya gulio la Nyakahura naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Mimi na mdogo wangu Deo tulikuwa tunasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na pale porini wakatokea majambazi wawili wenye bunduki. Nilijikuta kwenye majani, nakimbia. Sikumbuki kuamua. Deo alisimama pale pale, macho wazi. Walimpiga kitako cha bunduki begani, wakachukua baiskeli zote mbili, wala hakusogea. Niliporudi, mikono yake ilikuwa bado imekunjika kana kwamba ameshika usukani.

Nyumbani watu waliniuliza, wewe mkubwa ulikuwa wapi? Hapo ndipo nilipokosa. Jumapili baada ya misa tulizunguka kibuyu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, kama ilivyo desturi yetu. Ili nisiulizwe tena, nikaanza mimi.

"Jamani, Deo ni mgomba! Tena mgomba una nafuu, upepo ukija hutikisika."

Wakacheka. Deo akasema polepole, "Kaka, niliiambia miguu ikimbie. Ilikataa."

"Miguu ya nani hiyo, ya jirani?"

Wakacheka zaidi. Deo akachomoa mrija wake, akaufuta, akauweka juu ya kigoda, akaondoka. Kwetu, anayechomoa mrija kibuyu kikiwa bado kimejaa amesema neno zito bila kufungua mdomo.

Tangu hapo, tairi la lori likipasuka barabarani, Deo aliangusha jembe, jasho likamtoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo mimi nikaiita uvivu. Baada ya mavuno akahamia Kaniha na mkewe. Hakuniaga.

Miaka ikapita. Majuzi, nikivuka barabara pale Benaco, lori likanijia. Niliiambia miguu isogee. Ilikataa. Dereva akafunga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mzee! Ila unataka kuniua kwa presha?"

Watu wakacheka. Nililia, mwanangu, katikati ya barabara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakanipeleka zahanati. Muuguzi, binti wa umri wa wajukuu zangu, akanipima presha, akasema, "Babu, mwili ukiona hatari hauombi ruhusa. Mmoja hukimbia, mwingine hupigana, mwingine huganda. Na hatari ikishapita, mwili huendelea kuikumbuka."

Jioni ile nikampigia Deo simu. Nikasema yote, hata kwamba nilimkimbia nikamwacha.

"Nimesikia, kaka," akasema. "Tuombe uzima."

Hajaja bado. Mrija wake ninao, nimeuchomeka juu ya mlango. Kila tunapokamua ndizi naupangusa vumbi, kisha natazama njia.

Basi mwanangu, mwenzako akiganda au akitetemeka mbele ya hatari, usimpime ushujaa. Kaa naye, muulize ameumia wapi, mpe muda. Na aibu yako ibebe mwenyewe. Usimtwike aliyekwisha kupigwa. Tena ukikosa, kaombe radhi mapema, ndugu yako akiwa bado karibu, asije akahitaji safari kukusamehe.

Mungu akupe miaka mingi na ulimi mpole. Kibuyu chako kizungukwe na ndugu wote, na usiwe na mrija mkavu wa kupangusa.