Taa Niliyoifunga Chini ya Mtutu

Mke wangu alivunjwa mkono kwenye ngazi za nyumba yetu, Jumanne moja saa tisa alasiri. Alikuwa ametoka kazini mapema. Alifungua mlango wa chini, na alipofika nusu ya ngazi akakutana na mwanamume anashuka, kompyuta ya binti yetu kwapani. Yule mtu alimsukuma tu ili apate kupita, na mke wangu akaangukia mkono wa kulia. Mfupa ulikatika karibu na kifundo.

Tunaishi Schaerbeek, mtaa wa Brussels, kwenye ghorofa mbili za juu za nyumba nyembamba yenye duka la mapazia chini. Ngazi ni moja, imebanana, na haina dirisha. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Daktari alimfunga plasta. Plasta ilipotolewa mke wangu alirudi kazini kwake, anakohudumia wazee majumbani mwao, na baada ya muda nikamsikia tena akiimba jikoni. Yeye alikuwa ameshapita. Aliyebaki kwenye zile ngazi ni mimi. Kila nilipozipanda nilimwona yule mtu, ambaye sikuwahi kumwona, na kila mara nilikuwa na kitu mkononi.

Huku Ubelgiji mtu hapewi bunduki kwa sababu tu anaogopa wezi. Kwa hiyo nikawa mlenga shabaha. Nilijiunga na klabu moja nje kidogo ya mji, nikasomea sheria, nikafanya mtihani, nikaenda kwa daktari anithibitishie kwamba akili zangu ni timamu. Katika makaratasi yale palikuwa na moja ambalo mke wangu alitakiwa kutia sahihi, kwamba hana pingamizi silaha ikikaa nyumbani kwake.

"Ni ya nini?" aliniuliza. Amezaliwa Lubumbashi, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama kule.

"Ya sport."

"Papa, usinidanganye. Weye sport yako ni kuangalia mupira."

"Ni ya sport. Lakini itakaa hapa. Kama kuna kitu, basi iko."

"Kitu gani? Mukono ulivunjika ni wangu. Donc, kama kuna muntu wa kuomba bunduki, ni miye. Na miye siombi."

Hata hivyo alitia sahihi. Aliandika polepole kwenye meza ya jikoni, kwa mkono uleule ambao bado haujapata nguvu zake zote. Nilisimama pembeni mpaka akamaliza, nikalichukua karatasi haraka asije akabadili mawazo. Nikiulizwa leo ni wapi nilipoanza kukosea, naanzia hapo, kwenye ile haraka.

Nilinunua bunduki ya bei ya chini kabisa dukani, iliyotengenezwa Uturuki, aina inayojipakia yenyewe risasi kila unapofyatua. Ilikuwa nzito mbele, kitako chake kilikuwa cha plastiki ngumu kilichoniachia bega jeusi, na kila baada ya risasi chache ilikwama. Mtu mwingine angeirudisha. Mimi ni fundi wa lifti. Miaka yangu yote Brussels nimeipitisha ndani ya mashimo ya lifti kuukuu, nikiibembeleza mitambo ambayo wenyewe wameshaikatia tamaa. Niliitazama ile bunduki nikaona kazi.

Sitasema uongo: ile miezi ilikuwa ya raha. Jumapili baada ya misa nilikuwa naitandika taulo kuukuu mezani, naifungua bunduki kipande kwa kipande, nasugua vyuma vilivyoachwa na makwaruzo kiwandani mpaka ikaacha kukwama. Nilibadilisha mpira wa kitako. Nikaweka mkanda wa begani. Nikafunga kishikio kipana zaidi cha kukokea, na kitufe kikubwa cha usalama, kile cha kuzuia risasi isitoke, kwa sababu cha zamani kilikuwa kidogo na kigumu, na nilijiambia kwamba mtu mwenye hofu hana muda wa kupapasa. Ubavuni nikaweka kishikizo cha risasi za akiba. Kila kifurushi kilipoletwa mlangoni mke wangu alikiweka juu ya kabati la viatu bila kuuliza, na mimi nilikuwa na furaha kama mtu anayejenga nyumba.

Klabuni kulikuwa na mzee mmoja Mbelgiji ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye migodi ya Katanga. Aliposikia natoka Kalemie, hukohuko Katanga, alinishika mkono akakataa kuuachia. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha amri, lakini alikitumia kwa upole.

"Bunduki yako iko mubaya," aliniambia siku ya kwanza, "lakini sasa iko na bwana mwenye kuipenda."

Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuitunza, na yeye ndiye niliyemwambia kwamba kilichobaki ni taa. Nilitaka kufunga taa kali chini ya mtutu, ya kuwashwa kwa kidole. Alivua miwani.

"Hii si ya shabaha," alisema.

"Ngazi zangu ni giza, papa."

"Sikia. Muntu anaingia. Unataka kuona ni nani. Taa iko wapi? Iko ku bunduki. Alors, ili kumuona, unamulenga kwanza. Na kama ni madame yako? Umeisha kumulenga. Weka taa ingine ku ngazi, bon, inatosha."

Nilimwitikia, "Ndiyo, papa," jinsi tunavyowaitikia wazee ili waishie hapo. Jioni ileile niliagiza taa. Ngazi zenyewe zilikuwa na balbu moja iliyokufa tangu kabla ya wizi. Fundi mzima wa umeme wa lifti, na sikuwahi kuibadilisha.

Sheria inataka bunduki ikae imefungiwa, tupu, na risasi zikae mbali nayo. Sanduku la chuma nilikuwa nalo. Kwa wiki chache za kwanza nilitii. Halafu nikaanza kuiacha kwenye kabati la chumbani nyuma ya makoti, mke wangu akiwa kazini, nikiwa peke yangu. Halafu nikaanza kuiacha ikiwa na risasi.

Hapa inabidi nimlete dada yangu. Ananizidi miaka kumi na minne. Sisi tunamwita dada mkubwa yaya, na kwangu neno hilo lilikuwa na maana ya mama pia, kwa sababu mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule. Vita vilipofika Kalemie ni yaya aliyenifunga nguo mbili juu ya mwili akanivusha ziwa kwenda Kigoma, ni yaya aliyeuza maandazi kambini nikasoma, na ni kwa sababu yake naandika Kiswahili hiki na si kile cha nyumbani. Alikuja Ubelgiji kabla yangu, akanivuta. Alikuwa anaishi mtaa wa Molenbeek, peke yake, karibu na mfereji. Alikuwa na ufunguo wa kwetu, na alikuwa anakuja anapotaka.

Februari moja nilishikwa na mafua makali. Ilikuwa Jumamosi, mke wangu ana zamu. Alipoondoka aliniacha na homa, na bila kuniambia akampigia yaya simu: nenda ukamwangalie mdogo wako, hajala tangu jana. Nilimeza vidonge nikalala. Kama saa tano asubuhi nilisikia mlango wa chini unafunguliwa.

Nilisikia nyayo, taratibu, zinasimama, zinapanda tena. Yaya magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, alikuwa anapumzika kila baada ya ngazi chache. Mimi kitandani, na ile homa, nilisikia mtu anayenyata. Sikuita. Hilo ndilo linalonila. Kuita "Nani?" ni neno moja, na lingetosha.

Nilifika juu ya ngazi nikiwa na kaptura na fulana, bunduki mikononi, nikawasha taa yake. Ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuiona kwenye majaribio. Katikati ya ule mwanga alikuwa amesimama dada yangu, koti la baridi, kilemba cha kijani, sufuria limefungwa kwa kitambaa mikononi. Alifumba macho. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo sana, si kwangu:

"Hapana mutoto. Muache mutoto."

Nilisema, "Yaya, ni mimi." Nadhani nililisema mara nyingi. Nilikuwa bado sijashusha mtutu.

Nilipoushusha nilisikia maji yanadondoka. Nilidhani mchuzi unamwagika. Lakini sufuria alikuwa amelishika sawasawa kwa mikono miwili, halijamwaga hata tone. Maji yalikuwa yanatoka chini ya koti lake, yanashuka ngazi moja hadi nyingine. Nikaelewa. Naye akaona kwamba nimeelewa, na hapo ndipo alipogeuza uso ukutani.

Niliiegemeza bunduki mlangoni. Nilipoishika baadaye kuitoa risasi nilikuta kitufe cha usalama kimeshafunguliwa. Sikumbuki kukifungua. Kile kitufe kikubwa nilichokifunga ili kisinisumbue hakikunisumbua hata kidogo. Na kidole changu kilikuwa wapi wakati ule, mpaka leo sijui.

Nilishuka nikampokea sufuria. Nilitaka kumshika, akajibana kwenye ukuta.

"Niletee kikwembe cha bibi yako," alisema. Nilimletea. Aliingia bafuni, akakaa muda mrefu, maji yanachuruzika. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge cha mke wangu, nguo zake ziko kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akachukua dekio.

"Yaya, acha. Nitafanya mimi."

"Sogea."

Alideki ngazi zangu, kuanzia juu mpaka chini, na mimi nimesimama na homa yangu. Alipofika chini aliliegemeza dekio ukutani, akafungua mlango, akaenda kupanda tramu.

Mke wangu alirudi saa kumi. Nilimweleza kila kitu. Hakunigombeza. Aliketi na koti lake mwilini, akasema, "Na miye nilitia signature." Alilirudia siku nyingi, na sahihi yenyewe aliitia kwa kuwa niliitaka.

Jumatatu niliipeleka bunduki polisi, na makaratasi yake. Niliipeleka kama ilivyokuwa, na taa yake na kila kitu. Ofisa alisema ni vifaa vizuri, kwa nini nisiviuze kwanza. Nilimwambia sivitaki. Klabuni sikurudi tena, isipokuwa siku moja kumweleza yule mzee. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbusha aliyoniambia. Aliniuliza tu kama dada yangu ni mzima.

Tulikwenda kwa yaya wiki ileile, mimi na mke wangu. Alitupokea, akatuwekea chai. Nilipiga magoti. Aliniambia niinuke, nisichafue suruali. Ndipo akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulisema.

"Ile siku kule Kalemie, kabla tuvuke, waliingia nyumbani," alisema. "Basoda batatu, maaskari. Walikuwa na bunduki na matorochi. Walinimulika ku macho, sikuona sura zao. Weye ulikuwa nyuma yangu chini ya kitanda, unalala. Mimi niliwaambia, muache mutoto. Walikuacha."

Mke wangu alimshika goti. Nilimwuliza, "Na wewe, yaya?" Akamimina chai nyingine.

"Kunywa," alisema. "Inapoa."

Alinisamehe. Alilitamka mbele ya mke wangu, na yaya hasemi neno la bure. Tunakutana kanisani, tunakula kwake sikukuu, ananipigia simu nikikaa kimya. Lakini kwetu hakuja tena. Ufunguo alimpa mke wangu siku ileile ya chai. Nilizipaka ngazi rangi nyeupe, nikaweka taa tatu zinazojiwasha zenyewe mtu anapokanyaga. Nilimwambia. Alisema, "Umefanya vizuri." Binti yetu alipomaliza chuo tulifanya karamu nyumbani, na yaya alituma keki.

Mwaka jana walimfanyia upasuaji wa goti. Nilikuwa nimeshamwandalia chumba, nimehamisha kitanda, nimefunga kishikio bafuni. Nilimwambia hospitalini, nikimwonyesha picha kwenye simu. Alizitazama zote kwa makini, moja moja, akazisifia.

"Ni muzuri sana," alisema. "Lakini nitaenda kwa rafiki yangu, kule Laeken."

"Yaya, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo. Najua." Alinirudishia simu. "Miguu inakataa, mudogo yangu. Si mimi. Ni miguu."

Basi nikawa nakwenda Laeken kila jioni nikitoka kazini, wiki zote za mazoezi. Rafiki yake, mama mmoja mjane kutoka Likasi, ananifungulia, ananionyesha pa kuweka viatu. Yaya ananisubiri kwenye kiti, ameshavaa raba zake. Tunatembea kwenye korido, kwenda na kurudi, mkono wake mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwangu. Ananihesabia hatua kwa Kifaransa, na tukifika mwisho wa korido ananiambia nimgeuze taratibu.