Nafasi ya Mume wa Kalunde

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, mpaka leo uso unanipata moto. Mwanangu Mwende, nilikuwa nimeamua kuinyamazia hadi niingie kaburini. Lakini Jumamosi ulikuja kutoka Mlolongo na simu yako, ukanionyesha ule mti wa ukoo unaouchora, ukaniuliza, "Susu, hapa kwa Kalunde inaniitisha jina la bwanake. Nijaze nani? Ama niwache tu?" Kalunde ni mama ya babu yako Nzioka, na mimi unaniita susu, yaani bibi, kwa umri tu, maana kwa ukoo ni shangazi yako. Nilikwambia nitakujibu, na nimelikalia jibu hilo siku nne. Haya basi, sikiliza, ila anayeumbuka katika habari hii ni mimi.

Sisi tulikulia Athi River, ambako baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Nyumbani huku Ekalakala tulikuwa tunakuja Desemba tu. Babu yangu, Mzee Mulwa, alikuwa na wake wawili. Wa pili ndiye aliyemzaa baba. Wa kwanza alikuwa Susu Mbithe, ambaye hakujaliwa kuzaa. Susu Mbithe aliishi shamba la chini, kando ya mto, na katika boma lake waliishi Kalunde na mwanawe Nzioka. Kalunde ndiye aliyetupikia muthokoi wa mahindi na maharagwe kila tulipokuja, nami nikamchukulia kuwa mtu wa kazi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilimwona anachota maji na kupika, nikajijibu mwenyewe, kana kwamba mama yangu hakuwa akichota maji na kupika.

Babu alifariki nilipokuwa nikimaliza shule ya bweni. Nilirudi nyumbani na Kiingereza cha kutosha kumchosha mtu yeyote, na kichwa kikubwa kuliko kitambaa nilichokifunga. Mwaka uliofuata wapimaji wa ardhi wakafika kwetu. Baba mkubwa Kioko, kaka ya baba, akaniita akanipa kopo kuukuu la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na wosia wa babu: kurasa mbili za daftari, babu akisema na katekista akiandika, na chini alama za vidole gumba, cha babu na vya wazee wawili wa ukoo.

"Wewe ndio umesoma," baba mkubwa akasema. "Tutolee hapo watu wa hii nyumba, uandike vizuri, kamati ya ardhi isome."

Nilisoma wosia ule kwa raha, sikufichi. Ulianza, "Mimi Mulwa, mwana wa Nzioka," ukataja na baba ya huyo Nzioka wa zamani, jina ambalo sikuwa nimelisikia maishani. Nilihisi kama nimeshikwa mkono na watu niliokuwa siwajui. Kisha nikafika hapa: "Shamba la mtoni ni la nyumba ya Mbithe. Likae kwa Kalunde, aliyeolewa na Mbithe, na kwa mtoto wao Nzioka."

Nikacheka. Mwanamke anaoaje mwanamke? Nikasema katekista alikuwa amezeeka, labda alisinzia akiandika. Susu Mbithe alikuwa hai, ningeweza kuteremka shambani kwake nikamuuliza na kurudi kabla uji haujapoa. Sikuteremka. Nilichora ukoo wetu kwa rula na wino wa bluu, na chini ya jina la Mbithe nikaandika: hakuacha mtoto. Kalunde na Nzioka sikuwaweka popote.

Baba mkubwa alinisifu. Yeye alijua ukweli, tena aliujua vizuri, lakini shamba la mtoni lilikuwa na maji mwaka mzima na macho yake yalikuwa huko siku nyingi. Wiki hiyo hiyo alimwambia Nzioka aache kuchimba mitaro na atafute mahali pa kumpeleka mama yake, kwa sababu nyumba ya Mbithe haina mtu, na karatasi imesema.

Susu Mbithe akaniita, akataka nije na kopo. Nilimkuta ameketi mlangoni, macho yamefifia, Kalunde kando yake akipepeta mbaazi. Kalunde alinipa kigoda chake, akaketi chini.

"Nisomee maneno ya bwanangu," Susu akasema. "Yote. Usiruke."

Nikasoma mpaka nikafika pale.

"Kalunde ameolewa na nani?" akaniuliza.

"Na Mbithe."

"Kumbe unajua kusoma."

Kalunde akaweka ungo chini. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nilifikiri mwandishi amekosea.

"Si ungeniuliza? Mimi niko hapa. Mbuzi za kuenda kwa kina Kalunde nilifuga mimi. Nikazipeleka na wazee wa ukoo, mchana, watu wakiona. Hiyo tunaita iweto. Mwanamke akikosa mtoto anaoa msichana, na watoto wakizaliwa ni wa nyumba yake. Nzioka ni mtoto wangu. Ndio maana ako na jina la baba ya bwanangu. Ngai alininyima, nikatafuta njia, nikapata. Sasa wewe umeshika kalamu, umenirudisha pale nilikuwa."

Hakuwa amekasirika. Afadhali angenitukana. Nililia kwa aibu, na Kalunde, ambaye nilikuwa nimemfuta pamoja na mwanawe, ndiye aliyeinuka kuniletea maji ya kunawa uso.

Siku kamati ilipokaa pale sokoni, karatasi yangu ilikuwa mezani tayari. Nilisimama nikasema, "Hiyo karatasi niliandika mimi, na iko na makosa. Makosa ni yangu." Kisha nikausoma wosia mzima. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa bado hai. Alinyanyua kidole gumba juu watu wote wakione, akasema, "Hii alama ni ya hiki," akaketi. Shamba la mtoni likaandikwa jina la Nzioka, na ndiko alikozaliwa baba yako.

Baba mkubwa hakunisalimia kwa miaka mitatu. Siku ya ntheo yangu, watu wa mume wangu walipoleta mbuzi za posa, hakutokea. Nzioka ndiye aliyesimama mahali pake akawapokea, na hakuwahi, hata kwa utani, kunikumbusha ile karatasi.

Kwa hivyo mwanangu, ukiupata wosia wa mtu wa zamani, shukuru, kwa maana huyo alijisumbua kukutajia watu wake. Unakili kama ulivyo, hata pale usipoelewa. Hasa pale usipoelewa. Kisha uchukue uwapelekee wazee waliobaki, uwasomee kwa sauti, unyamaze uwasikilize. Ukikuta jina usilolijua, usilifanye la mtumishi wala la mgeni kwa kukisia. Marehemu hawezi kukuzuia ukimsahihisha, na jina ulirukalo laweza kuwa ndilo mtu alilolitafuta maisha yake yote.

Utataka kujua pia ni mwanamume gani alimzaa Nzioka. Hilo kwetu haliulizwi, na aliyelijua hayupo, kwa hivyo lisikusumbue.

Sasa jibu lako. Pale simu inapoitisha mume wa Kalunde, usiache wazi, wala usimwandike babu Mulwa ili ipendeze. Andika Mbithe. Simu ikikataa, ikikwambia mume hawezi kuwa mwanamke, jua imesoma shule ileile niliyosoma mimi, uiandikie tena. Na chini ya Mbithe, pale mimi niliposema hakuacha mtoto, andika Nzioka, umwandike baba yako, kisha ujiandike wewe.

Ngai akuathime, Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kusoma na unyenyekevu wa kuuliza. Na siku watoto wa watoto wako watakapoandika majina ya watu wao, lako lisirukwe.