Harufu Ile Ilikuwa Yangu

Kosa ni langu, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilipoondoka Kwamsisi kwenda kusoma Uganda, watu walisema, "Huyo! Atarudi hata soli ya kiatu haijaisha." Nilirudi na diploma, jamani! Mtoto wa mkata mkonge nikawa karani wa shamba karibu na Korogwe, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nani alinisaidia? Kichwa changu tu.

Kila alfajiri nilisimama mbele ya foleni ya wakataji, nikipiga alama kwenye vipande vyao, zile kadi za siku za kazi. Aliyenuka pombe nilimfukuza. Hapati alama, hapati posho. Nilikuwa mkali! Na kila jioni nilikuwa Korogwe ya Zamani, nakunywa pombe ya miwa. Nilijiambia msomi halewi, anachangamka tu.

Asubuhi moja akafika Mzee Mhina, mmoja wa wakataji, anatetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani, mwanangu. Nina homa. Niandikie cheti cha zahanati."

Nikamwinamia. Pombe ilinijaa puani!

"Homa ya kibuyu hiyo, mzee. Leo sikufukuzi; shika panga, itoke kwa jasho."

Foleni ikaangua kicheko.

"Wallahi, mwanangu, sijawahi hata kuionja."

Nikamsukumia panga.

Haikufika saa nne, wenzake wakamleta mabegani. Kizunguzungu kilimwangusha juu ya mkonge, na mwiba wa ncha ya jani ukamtoboa jicho la kushoto.

Nyapara alimwinamia, akamnusa. Kisha akaniinukia mimi, akaninusa. "Karani," akasema polepole, "mzee hanuki kitu. Ni wewe."

Na bado, Mungu wangu, nikaandika daftarini: *Ameumia kwa ulevi.* Kwa neno hilo mzee akanyimwa fidia!

Siku tisa nilikunywa bila kusikia ladha. Ya kumi nilikwenda kwa meneja, nikasema kweli. Mzee akalipwa. Mimi nikanyang'anywa kalamu, nikapewa panga.

Diploma gani! Mikono ilichubuka, adhuhuri matita yangu ya mkonge hayajafika nusu, na yasipotimia kipande hakipati alama. Wale wale niliowafukuza foleni wakanikopesha matita yao. "Chukua, Bwana Diploma," walinitania, "utalipa ukipata mikono." Wa kwanza kunikopesha alikuwa Mzee Mhina, kitambaa kimemfunika jicho.

Niliacha pombe. Nikalipa mmoja mmoja, tita kwa tita, Mzee Mhina nikamweka wa mwisho, kwa aibu. Nilipombwagia matita yake kumi, aliyapapasa moja moja.

"Yametimia, mwanangu," akasema. Akageuka, akaendelea kukata.

Wewe uliyepewa kalamu juu ya wenzako, kabla hujamnusa mtu, jinuse kwanza. Mimi siku ile nilimaliza kuwalipa wote walionikopesha. Lakini jicho la mzee sikukopeshwa. Nililichukua.