Chai Haipandi Gari Hili

Siku ya kwanza kazini nilivuliwa hereni. Meneja wa Uzalishaji, mwanamama mrefu asiyecheka asubuhi, alinipokea mlangoni mwa kiwanda chetu cha biskuti pale Kariakoo, upande wa Gerezani, akanipa kofia ya wavu na kuniambia, "Diploma yako nimeiona. Sasa toa hizo hereni. Ikidondoka moja kwenye unga, kuna mtoto atavunja jino."

Nikazitoa.

Biskuti zetu hazikuuzwa dukani. Zilikuwa za shule za msingi za vijijini huko Kusini, ambako watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto wa namna hiyo huchoka upesi na kusinzia darasani, na mwalimu asiyejua humwita mvivu. Sisi tulimwekea madini ya chuma ndani ya biskuti yake ya saa nne.

Ninyi mnaoingia kazini leo mna mashine zinazopima zenyewe. Sisi tulianzia kwenye beseni. Mchanganyiko wa virutubisho ni unga laini unaoingia kidogo sana kwenye gunia zima la ngano. Ukiumwaga wote kwa mkupuo, biskuti moja itajaa chuma na nyingine itatoka kapa. Kwa hiyo tuliuchanganya kwanza na unga kidogo, tukaongeza mwingine, tukaongeza tena, ndipo ukaenda kwenye mashine ya kukandia. Chuma kikizidi, biskuti huwa na ladha ya msumari. Mtu mzima atavumilia. Mtoto ataitema mbele yako.

Nilikaa chumba cha kuchanganyia miaka mingi, kisha nikapandishwa kuwa Ofisa Udhibiti Ubora. Kazi yangu ilikuwa kuonja, kupima, na kukagua mzigo wote unaopakiwa. Bila sahihi yangu gari halitoki.

Mradi wenyewe uliongozwa na Mratibu, aliyekuwa na ofisi Posta. Alikuwa mpole, msomi, anayesalimia hadi wafagizi kwa majina. Siku moja alituita kikaoni akasema watoto wamepimwa na damu haijapanda.

"Wazazi wanawanyang'anya biskuti," alisema. "Wanaziuza."

Wazazi wangu walikuja mjini kutoka huko huko Kusini. Nikamuuliza papo hapo:

"Umewaona wakiuza?"

"Ni taarifa, Mwanaidi."

"Taarifa ya nani?"

Akatabasamu. "Basi nenda ukaone mwenyewe."

Ilikuwa masika. Nadhani alitegemea barabara initishe. Nilikwenda.

Shule niliyofikia ilikuwa na mpishi aitwaye Bi Somoe, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Kila mtoto alikula biskuti yake pale pale mbele yake, na aliyejaribu kuificha mfukoni aliitwa kwa jina la ukoo mzima. Hakuna aliyeuza chochote. Ila kila biskuti ilikwenda na kikombe cha chai ya rangi, nyeusi tii.

"Chai hii mnawapa kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Inakuja na biskuti, gari moja. Tumeambiwa ni zawadi."

Maboksi hayo nilikuwa nikiyaona yakipakiwa, nikidhani ni ya walimu.

Nilikwenda zahanati ya jirani nikarudi na muuguzi. Akamwita binti mmoja, akamvuta kope ya chini. Ndani palikuwa peupe.

"Nimewaambia watu wa mradi kuhusu chai hii," alisema muuguzi. "Wakasema wamesikia."

Chai ikinywewa pamoja na chakula hukikamata kile chuma tumboni, mwili ukapata kidogo sana. Nilipomweleza Bi Somoe aliketi juu ya gunia.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewamaliza hawa watoto?"

"Si wewe, mama. Ni sisi tunaoileta."

Alinyanyuka, akaishika sufuria kwa kanga, akaimwaga chai yote uani. Kesho yake watoto walikunywa maji ya ubuyu, ambayo yenyewe husaidia chuma kuingia mwilini.

Nilirudi Dar nikaenda moja kwa moja Posta, viatu bado vina tope. Nilifunga mlango wa Mratibu, nikamweleza kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mtu yeyote wa lishe anajua. Lakini wenye kampuni ya chai ndio wanaolipia magari. Ukiiondoa chai, umeondoa na usafiri. Biskuti yenye faida kidogo si afadhali kuliko kukosa kabisa?"

"Basi wanywe saa nyingine. Asubuhi, mbali na biskuti."

"Wanataka picha za matangazo, Mwanaidi. Mtoto, biskuti, kikombe."

Nilitoka bila kuaga.

Mzigo uliofuata, Fuso lilisimama mlangoni mwa kiwanda, biskuti chini, maboksi ya chai juu. Dereva akaniletea karatasi. Nikakunja mikono.

"Chai haipandi gari hili. Ishusheni, nitasaini."

Mtaa wetu ni mwembamba. Dakika chache mikokoteni ilikuwa imeziba nyuma, bajaji zinapiga honi. "Mama, ondoa gari bwana, watu tunauza!" alifoka kijana wa mashati. Mkurugenzi wa kiwanda akashuka kutoka ghorofani, jasho linamtoka.

"Mwanaidi, saini. Tutazungumza baadaye."

"Tuzungumze sasa hivi."

Nikawaambia watu wote pale, kwa sauti kuu, chai ile inawafanya nini watoto. Wapakiaji wetu walikuwa wa Kusini karibu wote. Mmoja wao, Hamisi, alinitazama.

"Mama, ni kweli hiyo?"

"Nimeyaona macho yao, Hamisi."

Akapanda juu ya Fuso bila kumwuliza yeyote, akaanza kuteremsha maboksi. Wenzake wakayapokea. Nikasaini, gari likaondoka na biskuti peke yake.

Nililipia kitendo hicho. Nilivuliwa cheo, nikarudishwa kuchanganya unga chini ya kijana niliyemfundisha mwenyewe. Wenye chai wakajitoa, kama Mratibu alivyosema, na kwa muda biskuti zililala godauni. Nililia, sikatai. Lakini sikukaa tu. Nilizunguka maduka ya jumla kila jioni nikiuliza nani ana gari la Kusini. Bwana Nassor, muuza vitambaa, hakuniacha nimalize. "Magari yangu yanaenda huko kila wiki, dada yangu. Pakia." Wengine wakafuata. Biskuti zikafika, na shule nyingine zikajifunza ubuyu kwa Bi Somoe. Baada ya miezi muuguzi akanipigia simu: "Njoo uone kope sasa. Nyekundu!"

Cheo hakikurudi. Vijana huniuliza kama ilikuwa na maana, maana pensheni yangu ni ya mchanganya unga. Nawajibu kwamba watoto wale hawakuwa wavivu na wazazi wao hawakuwa wezi, na ilibidi mtu aliseme hilo wenye mamlaka wakisikia. Mimi nililisema, na ningelisema tena.

Siku ya kuniaga kiwandani, Mratibu alikuja akiwa mgeni rasmi, amepanda cheo. Alihutubia kwamba suala la chai "tulijifunza pamoja". Nilipopewa kipaza sauti nilisema, "Hatukujifunza pamoja. Wewe ulijua." Nikaketi, nikaendelea na pilau yangu.

Alinifuata mlangoni wakati wa kuondoka.

"Mama Mwanaidi, jambo kama lile ungeninong'oneza tu."

"Nilikunong'oneza," nikamwambia. "Posta, mlango umefungwa."