Wimbo Tulioufuta Ubena

Siku yangu ya kwanza kazini sikusema zaidi ya shikamoo. Nilikuwa binti wa Dunda, nimemaliza kidato cha nne majuzi tu, mwenye haya hata mbele ya kuku. Fundi Mkuu wa sauti alinionyesha mashine ya utepe na vichwa vyake viwili. "Hiki kinanasa, hiki kinafuta," alisema. "Ukivichanganya, rudi kwenu ukauze maandazi."

Baadaye alinipeleka Ubena, karibu na Chalinze. Kiongozi wa Bendi tuliyokwenda kuirekodi alikuwa ameichoka Dar, akahamia na wenzake kwenye shamba la mikorosho kutengeneza santuri nzima juu ya kuuacha mji. Magitaa yalikwenda polepole, kama mtu anayeota. Mwangwi tuliupata kwa kuweka spika ndani ya tangi tupu la maji. Baba aliniruhusu kwa sababu shangazi yangu alikaa jirani na shamba lile.

Asubuhi moja Kiongozi alitundika kipaza sauti dirishani ili anase ndege huku akiimba. Alikuwa hajapata kuimba vile. Tuliporudisha utepe, nyuma ya gitaa zikatokea sauti za wanawake, mbali, na ngoma ndogo.

Niliutambua mara moja. Ulikuwa wimbo wa unyago, niliofundishwa nilipowekwa ndani mwali, nikaapishwa kwamba mwanamume hausikii. Aliyeongoza alikuwa shangazi.

"Hilo ndilo shamba lenyewe," Kiongozi alisema, akitabasamu. "Ongeza sauti, binti. Wanasema nini?"

"Huu haufai kutoka, Kaka."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Sasa nifute kazi yangu kwa sababu isiyosemeka?"

Niliiona santuri ikilia kwenye kila baraza, wanaume wanacheka, shangazi hapiti njiani tena. Nikatoka mbio kumwita.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, kanga mdomoni. Kiongozi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Mama yako mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, Chalinze."

"Basi naye aliimbiwa huu. Mpelekee ausikie mbele yako, umtazame usoni. Akikubali yeye, mimi nani nikatae?"

Kiongozi akakaa chini kama aliyepokea habari ya msiba. Kisha aliniuliza, "Unaweza kuwatoa wao, ukaniacha mimi?"

"Hapana, Kaka. Mko kwenye utepe mmoja."

"Futa," alisema, akatoka nje asione.

Nikafuta. Aliuimba tena na tena, na wimbo haukurudi vile.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana wanaoipata santuri ile huniuliza mbona wimbo wa mwisho umepooza, tulikosea wapi. Nawaambia mashine ilikuwa nzima.

Juzi mjukuu wangu alivunja ungo. Nilimwambia afunge mlango na dirisha, nikamwimbia. Sauti yangu haiifikii ya shangazi, lakini maneno yote yamo.