Ukungu wa Ruaruke

Mpiga picha wetu wa Kibiti hataki sura za watu. Anapiga mikoko, mabonde na mawingu, kisha picha anazitundika kwenye tovuti yake mwenyewe. Ukimwambia siku hizi watu wako Instagramu, anafuta lenzi kwa pindo la shati na kukohoa. Kila asubuhi anamfungulia Swaumu, muuza vitumbua, picha mpya kwenye simu, akinyoosha shingo kama korongo, angalau asifiwe mara moja tu. Jana Swaumu aliacha vitumbua viungue, akaikodolea macho picha ya alfajiri ya kijiji cha Ruaruke. Mpiga picha akabana pumzi.

"Umeuona ukungu huo, dada?"

"Nauona, kaka. Hebu usogeze kidogo, unamziba mbuzi wangu aliyepotea!"